Kwa Nekesa, Kuhusu Ile Transfoma

Nekesa mwanangu,

Taarifa rasmi kwa wakazi wote wa ploti ya Baba Kamau, milango kumi na miwili, upande wa barabara na upande wa bafu: kifuniko cha birika la nyumba namba saba, kilichotoweka tangu Pasaka na kufanya watu wa nyumba moja washukiane, kimepatikana leo saa nane na nusu mchana. Kilikuwa nyuma ya mtungi wa gesi. Hakuna aliyekamatwa. Wakazi wanaombwa kuendelea na shughuli zao kwa utulivu.

Hiyo ndiyo aina ya habari ninayoweza kutangaza. Ile nyingine imenishinda miaka minne.

Umetoka sasa hivi kwenda Ayany kumuaga Mzee Odhiambo. Kwake hutoki kabla ya chai ya pili, kwa hivyo nina kama saa tatu. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Eldoret kusomea upishi wa hoteli. Mamako yuko nje anakunja nguo zako kwa mara ya tatu, na amenipa sharti: barua hii iwe ndani ya begi kabla begi halijafungwa, la sivyo atakuambia yeye. Na mamako akisema jambo, hata watu wa ploti ya pili huwa wamelisikia.

Basi naliweka hapa mwanzo ili nisije nikajificha nyuma ya mzaha: wewe hukuchoma transfoma ya mtambo wetu wa redio. Niliichoma mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa, lakini niache nifike huko polepole. Nikianza kwa mbio nitakimbilia kichekesho, unanijua.

Mambo ya dawa ya minyoo, ya kutoazimana viatu, ya kupiga simu ukifika, hayo mamako amekwisha kuyasema na ameyaandika kwa karatasi ameibandika ndani ya sweta. Mimi nina hasira tu. Najua utashangaa. Mimi ndiye Baba Nekesa mpole, yule anayeitwa watu wakigombania kamba ya kuanika nguo. Lakini tangu Jumanne nina hasira hadi chai hainishuki.

Jumanne nilipita kwa Mzee Odhiambo kumrudishia bisibisi zake. Akanikalisha. Unajua anavyokaa akiwa na neno, anashika fimbo kwa mikono miwili kama usukani.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "msichana wako nilimtafutia nafasi. Kuna vijana niliowafundisha kazi, wana karakana ya redio za mawasiliano, wanataka mtu mwenye mkono mzuri. Nimempigia simu. Amekataa."

"Anapenda upishi," nikasema.

"Sikumuuliza anapenda nini. Nimemuuliza kwa nini anakataa. Ameniambia, 'Mzee, mimi nikishika mtambo unaharibika. Uliza baba.' Sasa nakuuliza."

Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Watoto wa siku hizi." Halafu nikacheka. Hata hapo, Nekesa, mzee anayekaribia kuwa kipofu ananiuliza uso kwa uso, nikacheka.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mamako yote. Alikuwa anasonga ugali. Akaacha mwiko umesimama ndani ya sufuria. "Miaka minne," akasema, "umekula chakula changu na hiyo kitu ikiwa tumboni?" Ugali ukaungua, na hakuna aliyeuliza ni nani ameuchoma.

Sina ugomvi na upishi. Chapati zako zimeniongezea mshipi matundu mawili. Kama unaenda Eldoret kwa sababu jiko ndilo linalokuita, nenda na baraka zangu zote. Lakini kama unaenda kwa sababu unaamini mikono yako inaua mitambo, basi unaenda juu ya uongo wangu. Amua ukiwa unaujua. Hicho ndicho ninachotaka, na sitaki kingine.

Sasa rudi nyuma nami kidogo.

Mtambo ule Mzee alinipa macho yake yalipoanza kufifia. Enzi zake alikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano, na ni yeye aliyenisimamia hadi nikapata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaoongea hewani kwa kupenda tu, bila kulipwa. Sanduku la chuma, refu kama ulivyokuwa darasa la nne, na ndani taa za kioo zenye ukubwa wa vikombe. Zikishika moto, chumba chote kinakuwa rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa bado Kibera, Soweto East. Mamako aliuliza kama hicho kitu kitalipa kodi, kwa sababu kinachukua nafasi ya mtu mzima.

Mtambo kama ule unataka waya wa ardhi, yaani waya unaoingia kwenye udongo, ndipo ile nguvu ya waya wa juu, yaani antena, ipate pa kukanyaga. Mimi nikaangalia nyumba yetu: mabati pande nne, mabati juu. Nikasema Mungu amenipa ardhi ya bure. Nikafunga waya kwa ukuta. Sikufikiria kwamba mabati yamepigiliwa kwa miti na hayagusi udongo popote. Nikabonyeza maiki, nikasema "haloo", na upande wa pili wa ukuta Mama Akinyi akapiga nduru: "Baba Nekesa! Sufuria yangu imeniuma!" Sufuria zake zilikuwa zimetundikwa kwa misumari ya ukuta huo huo. Ulicheka hadi ukalala chini. Nikakuambia mimi ni fundi, na fundi hujaribu. Huo nao ulikuwa uongo. Nilikuwa nimebahatisha.

Nyumba zile zilipoondolewa kupisha magorofa tukahamia huku Kawangware, mtambo ukaja juu ya mkokoteni umefungwa blanketi kama mgonjwa. Hapa nikaanza kuingia kile kikao cha hewani cha Jumapili saa nane mchana. Unakikumbuka. Watu sita, saba, kutoka pande zote za nchi, wote na redio mpya za kisasa, mimi peke yangu na sanduku la zamani. Na yule daktari wa mifugo wa Kitale, tuliyemwita Daktari tu. Kila Jumapili neno lake lilikuwa moja: "Baba Nekesa, nakuona lakini sikusikii."

Alimaanisha sindano ya mita yake. Sindano ilipanda nikibonyeza, lakini maneno hayakufika. Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Hasira yangu huwa inavaa tabasamu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa sababu hakuna anayejua kuikimbia.

Nikaongeza moto. Nikapandisha volti hadi balbu za ploti zikawa zinafifia nikisema "haloo". Baba Kamau akaja mlangoni: "Aterere, sikiza, Baba Nekesa. Kila ukisalimia hao watu wako, friji yangu inashtuka. Huwezi kuwaandikia barua?" Nikamwambia ni kazi ya kisayansi. Jumapili iliyofuata Daktari akasema, "Sindano imelala upande wa pili kabisa. Sasa wewe mwenyewe uko wapi?"

Ulikuwa kidato cha pili. Ulichukua ile redio ndogo ya betri ukaniambia nihesabu hewani kutoka moja hadi mia, polepole, ukatoka ukitembea hadi kule Congo, mtaa wa huku huku Kawangware. Nilihesabu. Ukarudi na vumbi hadi magotini.

"Baba, niseme ukweli ama ile ya kukufurahisha?"

"Anza na ya kunifurahisha."

"Hiyo shati imekutoa poa."

"Na ukweli?"

"Mvumo umejaa Congo yote, umefunika mpaka stesheni ya habari. Lakini wewe husikiki. Ni kama mkokoteni mzima umebeba kitunguu kimoja."

Nekesa, nimesoma vitabu vya Mzee vyote, vile vya karatasi za manjano, na hakuna mahali wameeleza vizuri hivyo. Kuna wimbi linalobeba na kuna sauti inayobebwa. Mimi nilikuwa naongeza ukubwa wa mkokoteni kila wiki, kitunguu ni kile kile.

Ukaniambia nipunguze moto. Nilikataa siku mbili, nikakubali ya tatu. Ukafungua upande wa maiki ukakuta kapasita iliyokauka kama kinyesi cha mbuzi, ukaitoa, ukaweka nyingine kutoka kwa redio mbovu ya dukani kwangu. Ukaniambia nisogeze mdomo. "Baba, unaongea na maiki kama ni mama mkwe." Na kweli, nilikuwa nakaa mbali nayo kwa heshima, uso nimegeuza pembeni, kama Mbukusu aliyelelewa vizuri.

Halafu ardhi. Ulizunguka ploti na kijiti ukidunga udongo, watu wakidhani umepoteza shilingi. Ukachagua pale nyuma ya bafu, maji ya kuoga ya milango kumi na miwili yanapopita kila asubuhi, mahali ambapo udongo haukauki hata Januari. Tukapigilia mabomba manne ya chuma pale. Ukapanda juu ukakwangua kutu pale mabati yanapolaliana, ukayabana kwa nati, kwa sababu ulikuwa umegundua kutu ile inapiga kelele mtambo ukiwaka. Ukavuta waya wa juu hadi kwa mnara wa tangi la Baba Kamau. Alikuwa amesimama chini na mikono mgongoni. "Redio yangu ikianza kuongea Kibukusu," akasema, "mtahama."

Jumapili ile nilibonyeza, nikasalimia. Halafu Daktari: "Huyo ni nani? Baba Nekesa? Leo nasikia mpaka ukimeza mate! Umefanya nini?"

Ulikuwa umekaa kando yangu na kalamu, unaandika namba za mita. Uliinua macho.

Nami nikasema, "Ah, ni marekebisho kidogo tu nimefanya."

Hapo ndipo ningependa kujizaba kofi. Si kwa transfoma. Kwa hapo. Neno moja lilikuwa linatosha: msichana wangu. Kila mtu hewani angelisikia, sauti ilikuwa wazi kuliko siku zote, wewe mwenyewe ndiye uliyeifanya iwe wazi, na mimi kitu cha kwanza nilichopitisha ndani yake kikawa wizi. Wewe ukarudisha macho kwenye karatasi. Baadaye nikakutania kwamba fundi mkuu lazima awe na karani. Ukacheka. Ulikuwa unanicheka kwa heshima, naona sasa.

Na mtu akiiba mara moja akasifiwa, anataka zaidi. Daktari aliponisifu, nilitaka wiki inayofuata asifu tena. Hapo ndipo transfoma ilipokwenda.

Hadithi inayojulikana unaijua, kwa sababu nimeisimulia mimi. Nimeisimulia harusini, nimeisimulia dukani wateja wakisubiri, nimemsimulia Mzee. Kwamba Jumamosi moja binti yangu aliwasha mtambo vibaya, pap, ploti nzima giza, transfoma ya sauti ambayo haitengenezwi tena popote duniani ikawa makaa. Nikakupa jina Fyuzi. Ploti nzima ikakuita Fyuzi. "Fyuzi, njoo uguse hii simu ife kabisa." Watoto wa Mama Njeri hawajui hata jina lako lingine. Nilidhani natania kwa upendo. Mtambo tukauwekea kitambaa, tukaweka televisheni juu yake, na wewe hukushika tena bisibisi. Nilipokuomba unishikie hata tochi dukani ulisema mikono ni michafu. Nikasema ni umri.

Mwalimu wako wa fizikia aliponiita shuleni kuniuliza kwa nini umeacha somo, nilimwambia wasichana hubadilika. Nikampa mkono. Nikatoka pale nikanunua ndizi.

Na wewe pia unanikasirisha, nikwambie tu. Wewe uliyekuwa hukubali hata betri ya saa ukutani imekufa mpaka uipime. Wewe uliyenibishia juu ya ardhi, juu ya moto, juu ya mdomo wangu mwenyewe. Mbona hadithi yangu hukuipima? Miaka minne! Ungekuja na maswali mawili tu ningeanguka. Halafu nakumbuka nilivyokufunga mdomo, na hasira inarudi nyumbani kwake, kwangu.

Kama nina chochote cha kukupa cha kwenda nacho, ni hiki, na ni chako mwenyewe, nakurudishia tu. Utafika mahali watu hawakusikii. Jikoni kwa hoteli, kwa kazi yoyote. Utatamani kuongeza moto. Mimi nimeongeza moto maisha yangu yote: nikikosa kusikika naongeza utani, naongeza kicheko, naongeza upole, sindano inapanda, na mtu wa Kitale bado anauliza niko wapi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita ukajua kwamba shida haiko huko. Sijui kama nitajifunza. Lakini leo nimesogeza mdomo.

Sasa ilivyokuwa.

Jumamosi ile ulikuwa tuisheni. Mamako alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa peke yangu na nilitaka kufanya mazoezi ya sauti kwa ajili ya Daktari. Hotuba, Nekesa. Nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba. Na kwa kuwa nilizionea huruma zile taa kubwa zinazobeba, nikazizima, nikaacha upande wa sauti peke yake ukiwaka. Mzee alikuwa amenionya siku aliyonipa mtambo, akanishika na shati kabisa: "Usiwahi kuongea kama taa kubwa zimelala. Transfoma inasukuma sauti iingie ndani yao. Zikilala, ile nguvu haina pa kwenda, inarudi inamla aliyeituma." Nilimwambia nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa. Siwezi kusema sikujua.

Lakini sindano ya sauti ilicheza vizuri kuliko siku yoyote. "Haloo Kitale! Unanisikia sasa, Daktari?" Nilisema mara saba au nane, kila mara juu zaidi. Ya mwisho nilipiga kelele. Ikafanya pap, kama kijiti kikavu, na moshi mwembamba ukatoka kwa matundu ya nyuma.

Nikazima. Nikafungua dirisha. Nikapepea kwa gazeti. Nikarudisha kifuniko cha nyuma na skrubu zote nne, nikafuta vidole. Nikatoka nje nikakaa kwa benchi na Baba Kamau.

Ukaja saa saba. Ukasema, "Sasa, baba," ukaingia. Jumamosi ilikuwa zamu yako ya kuwasha mtambo na kuangalia mita kabla ya Jumapili, mimi mwenyewe nilikupa kazi hiyo. Ukaniita kutoka ndani:

"Baba, mbona huku kunanuka kitu imeungua?"

Nikajibu, "Ni Mama Njeri, amechoma vitunguu tena."

Baba Kamau akacheka.

Nilikuwa hatua sita kutoka kwako na mlango ulikuwa wazi. Nilisikia swichi ya kwanza, ile ya kupasha taa moto. Baada ya hiyo huwa unahesabu hadi sitini kabla ya kuwasha ya pili. Ulikuwa huhesabu hamsini na tisa, ulikuwa unahesabu sitini. Nilikuwa na dakika nzima. Nilijua nini kitatokea stima ikiingia kwenye transfoma iliyokwisha kuungua. Nilijua pia kwamba kikitokea mkononi mwako, basi hakikutokea mkononi mwangu. Nikageuka nikamuuliza Baba Kamau tangi lake linajaa siku gani.

Swichi ya pili. Stima ya ploti nzima ikaenda. Watu wakatoka milangoni. Ukatoka na mikono juu, kama mtu aliyeshikwa na polisi.

"Baba, sijui nimefanya nini. Nimewasha tu."

Walikuwa wananiangalia mimi, wakingoja nifoke. Ningefoka, ungejitetea. Ungesema kulikuwa kunanuka kabla hujagusa, na Baba Kamau alikuwa amekusikia ukiuliza. Sikufoka. Nilikuwekea mkono begani nikasema kwa sauti ya kufika mlango wa kumi na mbili:

"Usilie. Ni chuma tu. Nimekusamehe."

Mama Njeri akasema, "Aki huyo ndiye baba." Baba Kamau akatikisa kichwa kwa kunisifu. Na wewe ukaushika mkono wangu kwa mikono yako yote miwili, Nekesa, ukaniambia, "Asante, baba."

Nami nikakujibu, "Karibu."

Babako